Kaya ya Galoni Mia Mbili

Ukimwuliza mtu yeyote hapa Elvik nani ana roho mbaya wakati wa maonyesho ya kilimo, atanitaja mimi kabla hujamaliza swali. Ardis Tveit, karani mstaafu wa mahakama ya wilaya, umri miaka sabini na mitatu, sina mume, sina mbwa. Mimi ndiye ninayeshika kibali cha mashindano ya mvinyo na bia za nyumbani. Nimekishika miaka ishirini na miwili, na jimbo halijawahi kunirudishia maombi hata kwa kosa la nukta.

Watu wanadhani mashindano ni kuleta chupa, kuonja na kugawa tepe. Laiti ingekuwa hivyo! Bila kibali, chupa arobaini za pombe ya nyumbani zikipangwa juu ya meza katika ukumbi wa umma, hapo pana kesi. Maombi lazima yafike jimboni siku thelathini kabla, yakiwa na jina la ukumbi, majina ya waamuzi, na ahadi kwamba hakuna tone litakalouzwa. Anayeonja ni mwamuzi peke yake. Chupa iliyofunguliwa, masalia yake yanamwagwa. Isiyofunguliwa inarudishwa kwa aliyeitengeneza. Na kila anayeleta chupa anajaza fomu kuonyesha kwamba hakupita kiwango: galoni mia moja kwa mwaka kwa kaya yenye mtu mzima mmoja, galoni mia mbili kwa kaya yenye watu wazima wawili au zaidi. Hata mkiwa kumi, ni mia mbili tu.

Mimi nimekuwa mtu wa galoni mia moja maisha yangu yote. Nilikuwa nikitaniana na Marlys juu ya hilo. "Mwenzangu una ruhusa mara mbili yangu," nilimwambia, "na mume mwenyewe hanywi!" Alicheka hadi akashika mbavu. Marlys Haugerud alikuwa na kicheko cha kutikisa madirisha, na sisi Walutheri wa huku kaskazini tunacheka kwa kukohoa kidogo, kwa hiyo kicheko kile kilikuwa jirani na dhambi. Tulikuwa marafiki tangu tuna miaka sita. Alikufa mwezi wa Februari, ardhi imeganda kama chuma, ikabidi asubiri hadi Aprili ndipo azikwe.

Marlys alikuwa akitengeneza mvinyo wa plamu mwitu, zile ndogo nyekundu zinazoota kwenye kichaka nyuma ya zizi lao. Utaratibu aliurithi kwa mama yake. Mara kumi na moja alipata utepe mwekundu, yaani wa pili. Ule wa buluu, wa kwanza, hakuupata hata siku moja. Mwaka fulani mwamuzi aliandika kwenye karatasi yake, "Karibu sana," naye akaibandika kwenye jokofu ikakaa miaka mitatu.

Mumewe, Orrin, hakuwahi kuuonja. Zamani, walipokuwa na mwaka wa nne katika ndoa, Orrin alikuwa mlevi wa kupindukia, na Jumapili moja ya Machi aliendesha gari juu ya barafu ya ziwa akiwa amelewa, Marlys kakaa kando yake. Barafu ikapasuka. Walitokea dirishani. Kesho yake Orrin aliapa, wamesimama jikoni, kwamba pombe haitapita tena kooni mwake, na kweli haikupita. Marlys alitaka kuacha kutengeneza mvinyo, lakini Orrin akakataa. "Mwenye kosa ni mimi," alisema. "Plamu zimekosa nini?" Wakakubaliana mvinyo ukae stoo ya chini ya nyumba, na Orrin asishuke ngazi zile. Miaka thelathini na minne hakushuka. Akitaka viazi vilivyohifadhiwa huko, alimwita mkewe. Marlys alishuka mwenyewe kwa viazi na kwa ile mitungi mikubwa ya kioo ambayo, tukiwa mimi na yeye tu, aliiita watoto wake, kwa sababu hawakujaliwa wengine.

Sasa nirudi kwenye Agosti hii.

Jumatano ndiyo siku ya kupokea chupa. Nilikaa kwenye meza yangu katika ukumbi wa maonyesho, kati ya mablanketi ya viraka na vizimba vya sungura, fomu mbele yangu na kalamu mbili. Duane Skogen alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na bia yake nyeusi ambayo huisifia kabla mtu hajauliza.

"Tarehe hii umeandika kwa mguu?" nilimwuliza.

"Ardis, hata Mtakatifu Petro pale mlangoni hakagui watu hivi."

"Petro hana kibali cha jimbo. Andika upya."

Nyuma yake alisimama Orrin. Alikuwa amevaa shati la kanisani katikati ya wiki, na mikononi alishika chupa iliyoviringishwa kwa kitambaa cha vyombo chenye picha ya jogoo. Kitambaa kile nakijua. Nilimnunulia Marlys mimi. Aliiweka chupa mezani polepole, akanipa fomu aliyokwisha kuijaza.

Nikasoma. Jina la mtengenezaji: Marlys Haugerud. Aina: mvinyo wa plamu mwitu. Saini ya mtengenezaji: Orrin Haugerud. Idadi ya watu wazima katika kaya: 2.

Ile mbili ilikuwa imeandikwa bila kusita. Hakuwa anadanganya, nina hakika. Karatasi ilimwuliza nyumbani mko wangapi, akajibu kama alivyojibu karatasi zote tangu aoe.

"Orrin," nilisema, "vuta kiti."

"Sikuja kukaa. Pokea chupa niende, nina ng'ombe."

"Hii ni ya..."

"Ya mwisho. Plamu za Septemba iliyopita. Alizichuma mwenyewe na ugonjwa wake vilevile. Mimi nilimshikia ndoo tu."

"Saini lazima iwe ya mtengenezaji."

"Mtengenezaji yuko makaburini, Ardis. Nimpelekee kalamu?"

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaanza kuzikagua chupa zao.

Hapa lazima niseme kanuni hii ilitoka wapi. Miaka tisa iliyopita Duane Skogen, huyuhuyu, alichukua utepe wa buluu kwa mvinyo alioununua dukani mjini, akaumimina kwenye chupa safi. Marlys alikuwa wa pili. Mke wa Duane mwenyewe ndiye aliyetoboa siri, walipogombana. Basi Marlys alikuja jikoni kwangu, mashavu yamemwiva kwa hasira, akavuta karatasi akaandika kwa mkono wake: "Aliyetengeneza ndiye atakayetia saini, yeye mwenyewe, mbele ya karani. Asipokuwepo, chupa haishindani." Tuliiambatanisha na maombi yetu, jimbo likaidhinisha, na tangu hapo ikawa sharti la kibali. Ukiivunja umekivunja kibali chote, na mkaguzi huja mwaka wowote anaotaka, bila hodi, akasoma kila fomu.

"Basi andika nimetengeneza mimi," Orrin alisema. "Niliutia kwenye chupa kwa mikono hii, mwezi wa Mei. Daftari lake lilikuwa limeandika Mei, nikafanya Mei. Nilishuka, Ardis. Nilishuka ngazi zile."

"Kutia kwenye chupa si kutengeneza."

"Mpokelee bwana!" Duane alidakia. "Nani atajua?"

"Wewe Duane ndiye mtu wa mwisho duniani wa kuniambia hivyo. Kanuni hii ingekuwa na jina, ingeitwa Skogen."

Watu wakacheka, na Duane akacheka pia, maana hana haya. Orrin hakucheka. Aliniinamia, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Sitaki utepe. Nataka mtu aniambie kama ulikuwa mzuri. Miaka thelathini na minne nimelala pembeni ya mwanamke anayetengeneza kitu nisichokijua. Kila Agosti anarudi na utepe wake mwekundu, namwambia hongera. Hongera ya nini? Nilikuwa kasuku tu. Nataka mwamuzi anywe, aandike kwenye karatasi, nisome. Basi."

Mtu mwenye roho nzuri angeipokea chupa ile. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Lakini niliwaona watu arobaini wakikosa mashindano mwaka ujao kwa sababu ya saini yangu, na zaidi ya hayo, nikisema kweli, niliiona heshima yangu ya miaka ishirini na miwili. Nilishika kanuni kwa sababu ndicho kitu pekee nilichowahi kushika.

"Kanuni hii aliiandika Marlys," nilimwambia.

"Marlys yupi?"

"Marlys wako. Kwa mkono wake. Nakala ninayo."

Orrin aliitazama chupa, kisha akaunyoosha mgongo wake kama mtu anayeumwa kiuno.

"Ameshindwa na kanuni yake mwenyewe," alisema, akaenda zake.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nimeusema msemo huo mara mia katika maisha yangu, na kila mara aliyekatwa alikuwa mtu mwingine. Niliifungia chupa ile kikaratasi chekundu kinachomaanisha haishindani, nikaiweka chini ya meza, juu ya kitambaa chake cha jogoo.

Jumamosi mkaguzi akaja. Bila shaka akaja! Alikuwa binti wa miaka kama thelathini hivi, mpole, viatu vyake vimejaa vumbi la uwanjani. Alisoma fomu zote na hakukuta kosa, mpaka alipofika chini ya meza.

"Hii vipi?"

"Mtengenezaji hayupo."

"Amesafiri?"

"Amefariki."

Aliisoma fomu tena, taratibu. "Pole sana, mama," alisema. "Umefanya sawa kutoipokea. Lakini fomu inabaki kwenye kumbukumbu, na hapa imeandikwa watu wazima wawili. Lazima isahihishwe na aliyeijaza, aweke herufi za jina lake pembeni. Na chupa irudishwe ndani ya siku tatu."

"Irudishwe kwa nani?"

Alifungua mdomo ajibu, kwa maana sharti linasema wazi: kwa mtengenezaji. Akaufunga. "Kwa familia," alisema hatimaye, na mimi nikampenda kidogo.

Utepe wa buluu wa mvinyo wa matunda ulikwenda kwa mwalimu mmoja wa shule, kwa mvinyo wa tufaha. Nilimpigia makofi.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa Orrin. Chupa niliiweka kiti cha mbele nikaifunga mkanda. Kwenye mkoba nilikuwa na fomu yake, na karatasi moja tupu ya mwamuzi, zile zenye nafasi ya alama ishirini. Sikuwa na haki ya kuichukua karatasi hiyo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiba.

Nilimkuta jikoni amekata matango na vitunguu kwenye bakuli. Kila nyumba ya Elvik mwezi wa Agosti ina bakuli hilo. Unaweka chumvi, sukari kidogo na siki, na unakula mpaka matango yaishe shambani au wewe uishiwe hamu. Hakunikaribisha kwa maneno, ila alisogeza kiti cha pili kwa mguu.

"Nimekuletea chupa," nilisema. "Sharti ni irudi."

"Naona."

"Orrin, kule ukumbini nisingeweza. Lakini humu ni jikoni kwako. Jikoni kwa mtu hakuhitaji kibali. Mimi si mwamuzi, lakini nimewasikiliza waamuzi miaka ishirini na miwili, na mvinyo wa Marlys naujua kuliko wote. Nitakunywa, nitaandika, utasoma."

Aliinuka akaleta glasi moja, ile ndogo yenye shina ambayo Marlys alikuwa akiitoa kabatini Krismasi tu, akaipangusa kwa shati. Kisha akakaa akanitazama kama mtu anavyomtazama daktari.

Nilichomoa kizibo. Kabla sijamimina nilikwisha kujua. Rangi ilikuwa nzuri, nyekundu ya kung'aa, nami nilijipa moyo kwa rangi. Nikanywa. Ulikuwa siki. Siki kali ya kukunja ulimi, na chini kabisa, mbali, plamu.

Niliulazimisha uso wangu utulie. Nilimeza. Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye ile karatasi: rangi, kamili. Harufu, kamili. Ladha, kamili kasoro alama moja. Nikaandika jumla, kumi na tisa juu ya ishirini, maana ishirini nzima asingeamini. Nikamsukumia.

Orrin aliisoma mpaka mwisho. Aliikunja mara mbili.

"Ardis," alisema, "mimi niliacha kunywa. Pua sikuacha."

Niliifunika kalamu yangu.

"Imenuka tangu ulipoifungua, kama ilivyonuka Mei nikiutia kwenye chupa. Nilidhani labda ndivyo unavyotakiwa kuwa, nikakuangalia usoni. Wewe hujui kudanganya, umejifunza uzeeni." Alisukuma karatasi irudi upande wangu. "Ameukosea? Alikuwa mgonjwa mno?"

"Hapana!" Nilisema kwa nguvu hata nikajishtua. "Hakuukosea. Ulipotoka mikononi mwake ulikuwa sawa."

"Basi nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kikarani, jambo moja baada ya jingine, kwa sababu nikiogopa ndivyo ninavyoongea. Kwamba mtungi ukiwa unachacha hufungwa kwa kibomba cha kioo chenye maji kidogo, hewa ya ndani itoke na ya nje isiingie. Kwamba wakati wa baridi, jiko la kupasha nyumba likiwaka mfululizo, maji yale hukauka. Kwamba yakikauka hewa inaingia, na mvinyo unageuka siki. Kinachotakiwa ni kijiko kimoja cha maji kila baada ya wiki mbili tatu. Kijiko tu.

"Marlys alikuwa hakosi," nilisema. "Hata tukiwa kanisani, katikati ya mahubiri, utamsikia ananinong'oneza, ngoja nikirudi nimnyweshe mtoto. Ndivyo alivyoita. Kumnywesha mtoto."

Orrin aliweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Alisema hivyo," alisema.

"Alikuwa akisema kila..."

"Hospitali, Ardis. Wiki ya mwisho. Alinishika hapa," akajishika kifundo cha mkono, "akaniambia, Orrin, mnyweshe mtoto. Nikamwambia mtoto gani, mpenzi? Akasema, mtoto, chini, usisahau, mnyweshe. Aliniambia siku mbili mfululizo. Nikamwita muuguzi, nikasema mke wangu amepotewa na akili, anaona watoto. Wakamwongezea dawa ya kumtuliza. Baada ya hapo hakusema sana." Alitazama mlango wa stoo, ule wa karibu na jokofu. "Sikumwambia mtu. Niliona aibu kwa niaba yake. Nilidhani amekufa akimlilia mtoto tuliyemkosa."

Uff da, ndivyo tunavyosema huku mambo yakituzidi, na mimi nilisema, na halikusaidia kitu.

Nilikuwa nimekuja nyumba ile mara saba kati ya Oktoba na Februari. Mara saba nimebeba bakuli la tambi na kuku, nikaliweka kwenye meza hii, nikapangusa meza, nikaondoka. Mlango wa stoo uko hatua nne kutoka hapa. Nilijua Orrin hashuki. Nilijua mtungi uko chini unahitaji maji. Katika dunia nzima alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua mambo hayo mawili kwa pamoja, naye alikuwa anapangusa meza. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kosa ni langu, si lake, na nililia vibaya, kwa pua, mbele ya mwanamume ambaye sijawahi hata kumkumbatia.

"Ungenieleza," nilisema. "Neno moja tu, ungenieleza, mimi ningelijua."

"Ningekueleza nini? Kwamba mke wangu kawa mwehu?"

"Hakuwa mwehu."

"Hakuwa," alisema Orrin. Akalirudia, kama mtu anayejaribu kiatu. "Hakuwa. Akili zake zilikuwa timamu. Alikuwa ananipa kazi."

"Alikuwa anakupa kazi."

Nje ng'ombe wake walikuwa wakilia kwa sababu saa yao ilikuwa imepita. Kisha alivuta chupa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea kabisa.

"Kisheria, siki ni pombe?"

"Nini?"

"Wewe ndiye mwenye sheria. Mvinyo ukishageuka siki. Ni pombe bado, au si pombe?"

Nilifikiri. Nilifikiri kwa uaminifu wote, kwa maana nilijua ananiuliza mimi kwa vile mimi ndiye niliyemnyima Jumatano. "Siki ni chakula," nilisema. "Haimo kwenye kibali, haihesabiwi kwenye galoni. Kisheria ni sawa na chumvi."

"Una hakika?"

"Orrin, nimeishika sheria hii miaka ishirini na miwili."

"Maana niliapa."

"Najua uliapa. Hujavunja."

Akamimina juu ya matango. Alimimina kidogo kwanza, kisha zaidi, hata vitunguu vikaanza kuwa vyekundu. Akanyunyiza sukari, akageuza kwa uma. Aliweka sahani yangu kwanza, kisha yake. Alichukua kipande kimoja cha tango, akakitazama, akakila. Alitafuna muda mrefu kuliko tango linavyohitaji.

"Chachu," alisema.

"Chachu sana."

"Kuna kitu nyuma yake, lakini. Mwishoni. Kitamu."

"Hiyo ndiyo plamu."

"Ndiyo hiyo aliyokuwa anaiweka?"

"Ndiyo hiyohiyo, mara kumi na moja. Ila ilikuwa mbele. Ulikuwa unakutana nayo kwanza."

Akaitikia kwa kichwa, akala kipande kingine. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta wala hakuyaficha. Sisi hatuna desturi hiyo, kwa hiyo mimi niliangalia sahani yangu.

"Mzuri," alisema. "Ulikuwa mzuri, Marlys."

Tulipokuwa karibu kumaliza nikakumbuka fomu kwenye mkoba wangu. Nilikusudia kurudi nayo nyumbani bila kuitaja. Kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari jimbo liniandikie barua. Lakini Orrin aliiona ncha yake ikichungulia, akanyoosha mkono.

"Mkaguzi alikuja?"

"Alikuja."

"Akaona nilichoandika."

"Aliona. Si lazima leo, Orrin."

"Nipe kalamu."

Nikampa. Alivaa miwani, akaitafuta ile mbili kwa kidole. Akaikata mstari mmoja, ulionyooka, kama kanuni inavyotaka, ili kilichokuwapo kiendelee kusomeka. Pembeni akaandika moja. Kisha akaweka herufi za jina lake, O na H, na tarehe. Alinirudishia fomu bila kunitazama, akavuta bakuli, akaniuliza kama ninataka matango mengine.

Nikasema ndiyo, aniongeze.